Kabla ya kuinama unabana pumzi: jinsi kupumua na mwendo mdogo vinavyotuliza maumivu

Mwangalie mtu mwenye maumivu ya mgongo pale kalamu inapomdondoka. Kabla magoti hayajakunjika, pumzi imeshabanwa. Taya linakaza, mabega yanapanda kidogo, tumbo linajiweka tayari kana kwamba linasubiri kupigwa. Ndipo anainama, mzima kama ubao, anaokota kalamu, anasimama na kuhema. Ukimuuliza kilichomuuma atakuonyesha kiuno. Habari ya pumzi hataitaja, maana hajui kama aliibana.

Sekunde zile mbili ndizo ninazotaka kuzichambua hapa. Ushauri wa "vuta pumzi ndefu" na "jinyooshe kidogo" umezagaa kila mahali, na una ukweli ndani yake, ila mara nyingi hutolewa bila sababu, na asiyejua sababu huutekeleza kinyume. Nimeona watu wenye bidii wakivuta hewa mpaka kifua kinataka kupasuka, wakijinyoosha mpaka machozi yanawalenga, kisha wakashangaa mbona shingo imezidi kuuma. Wameleta nguvu mahali ambapo kazi yote ilikuwa kupunguza nguvu.

Kengele si moto

Tuanze na maumivu yenyewe. Mwaka 1965 Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Kanada, na Patrick Wall, mtaalamu wa mfumo wa neva kutoka Uingereza, walichapisha nadharia iliyokuja kuitwa ya lango. Walisema kwamba ishara za hatari kutoka mwilini hazipandi moja kwa moja hadi kwenye ubongo kama maji kwenye bomba. Ndani ya uti wa mgongo kuna mahali zinapochujwa, na "lango" hilo hufunguka au kujifunga kutegemea ishara nyingine zinazofika wakati huohuo, na pia kutegemea ujumbe unaoshuka kutoka ubongoni. Ndiyo maana ukigonga kiwiko, mkono wa pili hukimbilia kukisugua bila kuagizwa: mguso ule hupeleka habari nyingine na kulisukuma lango lijifunge kidogo. Baadhi ya vipengele vya nadharia hiyo vilisahihishwa baadaye, lakini kiini chake kimebaki. Ishara ya hatari ni habari tu. Maumivu ni uamuzi unaofanywa juu ya habari hiyo.

Mwaka 2020 shirika la kimataifa la wanaochunguza maumivu, IASP, lilirekebisha tafsiri yake rasmi. Kwa maneno mafupi, maumivu ni hisia mbaya ya mwili na ya moyo kwa pamoja, inayohusiana na kuumia kwa mwili au inayofanana na ile ya kuumia. Neno "inayofanana" ni zito. Linakubali kwamba mtu anaweza kuumwa kwelikweli wakati kidonda kimepona au hakikuwahi kuonekana. Huko si kujifanya, wala si maumivu "ya kichwani" kwa maana ya dharau. Kengele inaweza kuendelea kulia baada ya moto kuzimwa, na anayeisikia haisikii kwa kubuni.

Maumivu yakipita miezi 3 wataalamu huyaita sugu, na katika hali hiyo mfumo wa kengele wenyewe mara nyingi umekuwa mwepesi kupita kiasi: mguso wa kawaida unauma, hofu inauma, kukosa usingizi kunauma. Mwili nao unajilinda kwa njia yake ya zamani, yaani kukaza misuli kuzunguka sehemu inayouma. Siku za mwanzo hiyo ni busara, kama kufunga banzi kwenye mfupa uliovunjika. Wiki nyingi baadaye ulinzi uleule unageuka mzigo, kwa kuwa msuli usiopumzika nao huuma. Na kati ya misuli inayokazwa imo ile tunayopumulia.

Hewa nyingi si dawa

Hapa kuna dhana moja ya kuondoa kwanza: kwamba tunapumua polepole ili "kuongeza oksijeni". Damu ya mtu mwenye mapafu mazima, akiwa ameketi tu, tayari imebeba asilimia 95 hadi 100 ya oksijeni inayoweza kubeba. Ndoo iliyojaa haijazwi. Kinachobadilika haraka mtu akihema kwa nguvu ni hewa ukaa, ambayo hupungua kwenye damu kuliko inavyotakiwa. Hapo mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, kichwa huwa chepesi, midomo na vidole huanza kuchomachoma kama sindano. Wapo wanaoambiwa kwamba dalili hizo ni sumu inayotoka mwilini. Hakuna sumu hapo. Ni hewa ukaa iliyofukuzwa mno, na mwili ulio katika hali hiyo haujatulia hata kidogo.

Faida ya kupumua taratibu iko kwingine, na hesabu ndogo inaionyesha. Pumzi moja ya mtu mzima aliyetulia ni kama mililita 500. Kati ya hizo, takribani 150 huishia kwenye njia za hewa tu, hazifiki kwenye vifuko vya mapafu vinavyobadilishana hewa na damu. Chukua mtu anayepumua mara 12 kwa dakika, mililita 500 kila mara: anapitisha lita 6, na lita 4.2 zinafika kazini. Mwingine anapumua mara 20, mililita 300 kila mara: naye anapitisha lita 6 zilezile, lakini zinazofika ni lita 3 tu. Huyu wa pili anahangaika zaidi na kupata kidogo. Tena hangaiko lenyewe analibebesha misuli ya shingo na ya juu ya kifua, ambayo iliwekwa kusaidia mtu anapokimbia au kupanda mlima. Siku moja ina pumzi karibu 20,000. Ukiinua mabega kidogo tu kwa kila moja, jioni usiulize shingo imechoshwa na nini.

Msuli mkuu wa kupumua ni kiwambo, utando mpana wa nyama wenye umbo la kuba unaotenganisha kifua na tumbo. Tukivuta pumzi hushuka na kusukuma viungo vya tumboni chini, ndiyo maana tumbo hujaa. Wengi wanajua hivyo. Wasichojua wengi ni kwamba kwa nyuma kiwambo kimeshikwa na nyuzi nene zinazoteremka hadi kwenye pingili za juu za kiuno. Msuli wa kupumulia umefungwa kwenye mgongo wenyewe! Mbavu nazo, jozi zote 12, zimeungwa kwenye uti wa mgongo kwa viungo vidogo vinavyocheza kila hewa inapoingia na kutoka. Kwa hiyo mgongo wako unatikiswa kwa upole mchana na usiku, hata ukiwa umelala. Kupumua ni mwendo mdogo kuliko yote tulio nayo, na anayebana pumzi kwa sababu ya maumivu ameusimamisha.

Halafu kuna moyo. Hewa ikiingia, mapigo huongezeka kasi kidogo; ikitoka, hupungua. Carl Ludwig, mtaalamu wa fiziolojia wa Ujerumani, aliliandika jambo hilo mwaka 1847. Kazi kubwa ya kulitawala inafanywa na neva ya vagasi, inayotoka chini ya ubongo na kuteremka hadi kifuani na tumboni, na ambayo huushika moyo kama breki. Wakati wa kutoa pumzi breki inakanyagwa. Wakati wa kuvuta inaachiliwa. Kwa mtu anayetaka mwili ushuke kutoka kwenye tahadhari, basi, nusu ya pili ya pumzi ina uzito kuliko ya kwanza. Ushauri wa "vuta pumzi ndefu" umeshika upande usiofaa. Ungesema "toa pumzi ndefu" ungekaribia zaidi.

Lugha yetu inalijua hili tangu zamani. Mtu aliyepata nafuu ya moyo tunasema ameshusha pumzi, hatusemi ameipandisha. Kupumua na kupumzika ni ndugu wa mzizi mmoja. Hata mgonjwa anayepiga kite anatoa hewa ndefu kupitia koo lililobanwa kidogo. Hakufundishwa na mtu.

Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha uchunguzi mfupi unaovutia. Waliwapima watu wakisali rozari kwa Kilatini na wakitamka mantra ya yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa, na wakaona kuwa vyote viwili vilishusha kupumua hadi karibu mara 6 kwa dakika. Katika mwendo huo mawimbi ya mapigo ya moyo na ya shinikizo la damu huanza kwenda pamoja na pumzi, na mfumo unaosawazisha shinikizo hufanya kazi kwa wepesi zaidi. Hakuna aliyeitunga rozari kwa saa ya maabara. Ila namba 6 si sheria. Ambaye kawaida yake ni mara 18 akishuka hadi 12 bila kujilazimisha amefanya kazi nzuri.

Kwa vitendo: hewa iingie kwa hesabu ya 3 au 4, itoke kwa hesabu ya 5 au 6, kwa pua ikiwa haijaziba, bila kubana katikati. Isiwe kubwa. Kipimo changu ni kimoja: ikiwa pumzi inayofuata inaingia kwa pupa, kama ya mtu aliyezamishwa majini, basi uliyotangulia kutoa ilikuwa ndefu mno. Ipunguze.

Kwa nini mwendo uwe mdogo

Kwa miaka mingi mwenye maumivu ya mgongo aliagizwa alale. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake nchini Marekani walilinganisha wagonjwa walioambiwa walale siku 2 na walioambiwa walale siku 7. Matokeo hayakutofautiana, isipokuwa kwamba kundi la siku 2 lilikosa siku chache za kazi kuliko lile la siku 7. Mwaka 1995 watafiti wa Finland walikwenda mbele: waliwagawa watu wenye maumivu mapya ya kiuno, wengine wakalala, wengine wakapewa mazoezi maalumu, wengine wakaambiwa waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona upesi zaidi ni hao wa mwisho. Kitanda kilishindwa, na hata mazoezi maalumu katika siku za maumivu makali yalishindwa na maisha ya kawaida.

Sehemu ya sababu ni ya kimwili kabisa. Gegedu, ile nyama ngumu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo, haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka gegedu inapobanwa na kuachiliwa, kama sifongo. Visahani vilivyo kati ya pingili za mgongo navyo hutegemea njia ya namna hiyo. Kiungo kisichosogezwa kinakosa chakula. Ugumu wa asubuhi unaoisha baada ya hatua chache una uhusiano na hilo.

Lakini swali la kwa nini mwendo uwe *mdogo* lina jibu lingine, na mimi naliona ndilo tamu zaidi. Katika karne ya 19 Mjerumani Ernst Heinrich Weber alichunguza jinsi watu wanavyotofautisha uzito. Aligundua kuwa kinachotuwezesha kuhisi tofauti ni uwiano wake na kile tulichokwisha kushika. Tuseme una gramu 100 mkononi na unatambua zikiongezwa 5. Ukishika kilo 1, hizo 5 hutazihisi, utahitaji karibu 50. Aliyebeba gunia hajui kama nzi ametua juu yake.

Sasa lete hilo mwilini. Misuli iliyokaza ni gunia. Ukijinyoosha kwa nguvu umeongeza gunia la pili, na ubongo hauwezi kutofautisha ni msuli upi unafanya kazi ya lazima na upi umeganda kwa woga tu. Ukisogea kidogo, kwa wepesi, kelele hupungua, na tofauti ndogo husikika: kumbe bega la kushoto linajikaza hata ninapogeuza goti la kulia. Ukishalihisi, mara nyingi linaachia lenyewe. Ukiliamuru lilegee bila kulihisi, halisikii.

Moshe Feldenkrais, mhandisi na mwanafizikia aliyezaliwa mwaka 1904, alijenga njia nzima ya kujifunza mwendo juu ya kanuni hiyo ya Weber. Alikuwa mwanajudo mwenye mkanda mweusi, na goti lake bovu ndilo lililomsukuma kujichunguza. Masomo yake yamejaa miendo midogo inayorudiwa polepole huku mtu akijisikiliza. Sikubali kila alichodai yeye na wafuasi wake, lakini katika hili la wepesi na usikivu alikuwa sahihi kuliko walimu wengi wa kujinyoosha.

Jaribio moja, si programu

Lala chali mahali pagumu kiasi, magoti yamekunjwa, nyayo sakafuni. Kabla ya kufanya lolote, jisikilize: kiuno kinagusa sakafu au kimeacha nafasi? Upande gani ni mzito? Usirekebishe. Hizo ni habari tu, na utazihitaji baadaye ili kulinganisha.

Wakati hewa inatoka, acha kiuno kisogee kuelekea sakafuni kama upana wa kidole, nyonga ikiviringika kidogo kuelekea kichwani. Hewa ikiingia, achia. Hakuna kusukuma. Kama mtu aliyesimama mlangoni angeweza kuona unachofanya, umefanya kikubwa mno. Rudia mara 6 au 8, kisha acha kabisa na upumzike muda kama uleule. Mapumziko hayo si ya kupoteza muda. Ndipo mfumo wa neva unapata nafasi ya kupima kilichobadilika. Rudi tena, safari hii nusu ya ule mwendo wa kwanza. Chunguza taya. Chunguza ulimi. Tazama kama vidole vya miguu vinajikunja kusaidia kazi isiyowahusu. Dakika 10 zinatosha.

Ambaye hawezi kulala chali afanye vivyo hivyo kwenye kiti, akihisi mifupa miwili ya kukalia inavyoviringika mbele na nyuma. Kwa shingo, usigeuze kichwa kwanza. Geuza macho tu, kulia na kushoto, polepole, huku pumzi ikiendelea. Misuli ya juu kabisa ya shingo hufuatana na macho, na utaihisi ikicheza kidogo kabla kichwa hakijasogea.

Na kiasi gani cha maumivu kinakubalika? Mimi hufuata mambo mawili. Wakati wa kufanya, pumzi ndiyo hakimu: ikianza kujibana au kukwaruza, mwendo umezidi hata kama hujaona maumivu. Baada ya kufanya, kesho yake ndiyo hakimu: usumbufu mdogo unaotulia ndani ya saa chache si neno, lakini ukiamka hali ikiwa mbaya kuliko jana, punguza nusu. Usiache kabisa, punguza.

Nisiitie chumvi kazi ya njia hizi. Hazirudishi gegedu iliyolika, wala hazisogezi kisahani kilichotoka mahali pake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwa watu 226 wenye fibromayaljia, ugonjwa wa maumivu yaliyoenea mwili mzima, waliofanya taichi, mazoezi ya Kichina ya miendo ya polepole, walipata nafuu sawa au zaidi kuliko waliofanya mazoezi ya kuchangamsha moyo. Hiyo ni habari njema, lakini ni nafuu, haikuwa tiba ya kumaliza ugonjwa. Kwa wengi faida inakuja kama siku mbaya kuwa chache, au usingizi kurefuka.

Wapo pia ambao kuelekeza akili kwenye pumzi huwatia hofu: mwenye pumu, aliyewahi kupatwa na mshtuko wa wasiwasi, aliyepitia tukio la kutisha. Huyo asijilazimishe. Aanze na nyayo au viganja, asogeze vidole taratibu, na pumzi aiache ijiendeshe. Itafuata.

Na zipo dalili ambazo si za kujilazia chali na kujisikiliza. Ni za kwenda kwa daktari upesi. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi kwa ghafla. Ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kukojoa au kushindwa kujizuia haja. Mguu unaopoteza nguvu. Mguu mmoja uliovimba na kuuma. Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali, yanayofuatana na homa, kupungua uzito bila sababu, au yasiyokupa nafasi usiku hata ubadili vipi mkao.

Kwa siku ambayo hata upana wa kidole unauma, kuna hatua iliyo ndogo zaidi: usisogee kabisa, fikiria tu. Lala, toa pumzi, na uwaze kiuno kikielekea sakafuni bila kukipeleka. Mwendo unaowazwa na mwendo unaofanywa hutumia sehemu nyingi zilezile za ubongo, kiasi kwamba baadhi ya wenye maumivu sugu makali huumia kwa kuwaza tu. Ukiwa mmoja wao, waza mwendo wa upande usiouma, na utazame kama pumzi imebanwa.